Nesi Aliyegombana na Neno Chali

Nesi wetu alikuwa hakai sebuleni. Akishabisha hodi na kujibiwa, alinyoosha moja kwa moja mpaka chumbani kwa mzazi, akakishika kitanda kwa viganja viwili na kukibonyeza kama mtu anayechagua papai sokoni. Wageni wengine waliokuja kumwona mtoto mchanga walileta sabuni na khanga. Yeye alikuja na limau mfukoni mwa gauni lake jeupe, akaliweka juu ya kitanda, pale pale ambapo mtoto alikuwa analazwa, kisha akamwambia mama wa mtoto aketi mahali pake pa kawaida. Vitanda vyetu ni vya kamba, na kamba ikishazeeka hulegea katikati. Mama akiketi, limau lilikuwa linabingirika mpaka linamgota pajani.

"Umeona? Limau halina mikono wala miguu na limekufuata," alikuwa akisema. "Mtoto wako atakufuata zaidi."

Basi alivua viatu, akakanyaga fremu kwa mguu mmoja, akaanza kuzivuta kamba zile moja baada ya nyingine mpaka kitanda kikalia kama ngoma. Wanaume walikuwa wanaona haya kumwona mama mtu mzima anakaza kitanda chao huku wamekaa, wakaja kumpokea. Hiyo nayo ilikuwa hila yake. Baba aliyekaza kamba kwa jasho lake alikuwa hasahau kwa nini alizikaza.

Kijiji chetu kiko huku juu, kati ya Newala na Tandahimba, na yeye alitokea upande wa Masasi, kwa Waanglikana wa kule. Sisi wengi wetu ni Waislamu, jambo ambalo halikumhusu mtu mpaka siku watu walipotafuta la kumsema. Jina lake alikuwa nalo, lakini sikumbuki kama kuna aliyelitumia. Tulimwita Nesi. Mimi ni fundi wa cherehani, baraza yangu inatazamana na zahanati, na kwa miaka yote aliyokaa pale nilikuwa namwona akiingia na kutoka. Nimezaa watoto wangu wote mikononi mwake. Yeye aliniita Mama Sofia, nami kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kabla sijakanyaga cherehani.

Hakuwa mpole. Watu husema fulani alikuwa nesi mpole, na huyu hakuwa. Alikuwa na ulimi mkali, akinusa ugoro kwa siri na kulificha kopo lake nyuma ya pamba za kidonda, na akikasirika alikuwa anaongea Kiswahili cha haraka mpaka povu linamtoka. Lakini kwa kichanga alikuwa na mkono wa kustahi. Alikuwa na usemi wake: "Wazazi hufuata mkono, hawafuati mdomo." Kwa hiyo pale zahanati kila mtoto aliyezaliwa alilazwa na yeye mwenyewe, chali, juu ya godoro gumu, shuka moja iliyofungwa chini ya kwapa, uso wazi, hakuna mto, hakuna furushi la nguo pembeni. Alikuwepo nesi msaidizi, binti wa watu, aliyezoea kuwalaza ubavu na kuwaegemeza kwa khanga iliyokunjwa. Nesi alikuwa akimpitia nyuma kimyakimya na kuigeuza kazi yake yote. Siku moja binti yule alilalamika kwamba anaaibishwa mbele ya wazazi. Nesi akamjibu, "Wazazi wanatazama. Utakavyomlaza hapa ndivyo atakavyolala nyumbani, nami nyumbani sitakuwepo."

Mabibi ndio waliomtesa. Mzazi wa kwanza kwetu hana neno mbele ya mama yake na mama mkwe wake, na hao mabibi wana kumbukumbu. Mmoja aliwahi kumsimamisha katikati ya kliniki.

"Nesi, wakati namzaa huyu, wewe wewe ulinambia ntoto alale ubavu. Kabla ya hapo nesi mwenzio alisema kifudifudi, asipaliwe na maziwa. Leo chali. Kesho mtasema asimame?"

Wanawake wote wakacheka. Nesi alingoja wamalize.

"Tulikosea, mama," akasema. "Tuliwafundisha vibaya, na ilipojulikana tumebadili."

Mimi niliona ni jibu la kiungwana. Yule bibi aliondoka akiwaambia wenzake kwamba Nesi amekiri mwenyewe kuwa huwa wanadanganya.

Halafu lilikuwepo lile neno. Kwa Kiswahili hakuna namna nyingine ya kusema: anayelala mgongo chini, uso juu, amelala chali. Lakini chali kwetu ni neno baya. Aliyeshindwa mieleka kaenda chali. Mende aliyekufa yuko chali. Na maiti anapotolewa kitandani kwake na kunyooshwa, ananyooshwa chali. Nesi alikuwa akilitamka tu, unawaona wanawake wanawavuta watoto wao kifuani. "Ntoto hawezi kulazwa kama mfu," mabibi walisema. "Ukimzoesha, atazoea." Alieleza kwamba kifudifudi mtoto huzama uso kwenye nguo, hana nguvu ya kuinua kichwa, anavuta tena na tena ile hewa aliyoitoa mwenyewe. Alieleza kwamba chali mtoto hapaliwi, kwamba akicheua atameza au atatema. Walimsikiliza kwa adabu zote. Wakirudi nyumbani, kifudifudi.

Naye si mtu wa kushindwa na neno. Siku moja alikuja barazani kwangu macho yanang'aa, akaniambia amepata dawa. Hatasema tena chali. Atasema: mlaze atazame paa.

Na kweli ilishika. Mtu gani atakataa mtoto wake atazame paa? Paa ni nyumba, ni stara, ni alama kwamba baba yake kajenga. Wanawake walianza kuulizana njiani, "Anatazama paa?" "Anatazama." Watoto wa shule wakaifanyia wimbo wa kuruka kamba. Nesi hakuwa mtu wa majivuno, lakini kwa hilo alijivuna, na mimi nilimwachia ajivune, maana mengine yote yalikuwa yanamkwama.

Maana alitaka pia kila mtoto awe na mahali pake, karibu na mama, mkono unafika, lakini pasipo mwili wa mtu mzima wala blanketi lake. Kwanza alishauri ungo mpana, uwekwe kando ya kitanda. Alijutia. "Alale kwenye ungo?" wanawake walimwuliza. "Unataka aruke nao?" Kwetu ungo una abiria wake, na hao hawatajwi mchana kweupe. Akaachana na ungo, akaenda kwa seremala, akamwomba atengeneze visanduku vya mbao, vifupi, vya wazi juu. Seremala alivitengeneza vizuri, akavipiga msasa, akavipanga mbele ya zahanati. Nikiwa kwenye cherehani yangu niliwaona wanawake wanakuja na watoto mgongoni, wanaviona, wanageuza njia. Visanduku vidogo, vya mbao nyeupe, vimepangwa foleni. Nesi alikuwa ndani hajui. Nilivuka barabara nikamwambia, "Nesi, hivyo ni majeneza." Akatoka, akavitazama kwa muda, akakaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Baadaye watu waliviomba wakahifadhia choroko.

Ukimsema kwamba alikuwa mtakatifu utakuwa hukumjua. Msimu wa mabibo ukifika, nyumba nzima nzima hulewa uraka, na yeye alizunguka vilabuni akiwaambia wanaume na wake zao, "Uraka na mtoto havilali kitanda kimoja. Chagueni mmoja alale chini." Walimpenda kwa usemi huo, wakautumia kwa mizaha. Lakini Jumamosi jioni alikuja barazani kwangu na bilauri yake ya uraka imefunikwa kwa kitambaa, akanywa taratibu. Nikimtania alisema, "Wangu wamekua, Mama Sofia. Sina wa kumlalia." Na mchana baada ya kula alikuwa analala kwenye benchi la kliniki, kifudifudi, anakoroma, wakati juu yake ukutani kuna picha ya mtoto kalala chali. Wanawake walipigana vikumbo kuja kumwona.

Miaka ya korosho nzuri ndiyo iliyomtia hofu. Watu wakiuza vizuri hununua magodoro ya sponji, laini, ya kuzama, na mito mikubwa, na mablanketi mazito ya manyoya kwa sababu ya baridi yetu ya huku juu. "Masikini anamlaza mtoto kwenye mkeka mgumu na mtoto anaamka," alikuwa akisema kwa uchungu. "Tajiri anamnunulia kaburi la sponji." Nilimwambia asiseme hivyo mbele za watu. Alisema.

Nieleze sasa jambo ambalo kila mtu wa huku analijua na hapendi kulisema. Mtoto mchanga akikutwa asubuhi amekufa, bila homa, bila kuhara, kwetu husemwa kachukuliwa. Na aliyechukuliwa, yupo aliyemchukua. Watu hawahangaiki sana kumtafuta. Ni bibi, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na siku za karibuni alipita karibu na nyumba ile.

Nesi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliwahi kuniambia barazani, bilauri mkononi, kwamba yeye amewekwa njia panda isiyo na upande mzuri. Akisema mtoto kalaliwa au kazibwa pumzi, anamvunja mama ambaye tayari amevunjika. Akinyamaza, kuna ajuza atachomewa nyumba. "Na wapo wengine," akasema, "ambao mama kafanya yote sawasawa, mtoto kalala vizuri, uso wazi, na bado asubuhi hayupo. Hata madaktari hawajui. Hao nikiwafikiria, nachoka."

Nilimwuliza, ikifika siku hiyo atasema nini.

"Nitamwokoa aliye hai," akasema.

Siku ilifika kwa Rehema. Rehema alikuwa binti wa jirani yangu, ndiyo kwanza kazaa, mtoto wa kiume, na alikuwa mwanafunzi mzuri wa Nesi kuliko wote. Hakukosa kliniki. Nyumbani kwake limau lilitulia mahali pamoja. Ilikuwa majira ya ukungu, asubuhi ambayo huoni mkorosho ulio mbele ya mlango wako, na kilio kilitufikia kabla hatujajua kinatoka nyumba gani.

Nilipofika uwanja ulishajaa. Neno lilikuwa limeshatangulia: kachukuliwa. Na vijana walikuwa wameshageukia nyumba ya pili, kwa bibi mfinyanzi, mjane aliyekuwa akitufinyangia vyungu sote, aliyekuja juzi yake kumwona mtoto akamletea kijungu cha kuogeshea. Walikuwa wamempandia juu ya paa, wanang'oa makuti na kuyatupa chini. Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwake, mikono juu ya kichwa.

Nesi aliingia chumbani kwa Rehema na kukaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amebeba mto. Mto mkubwa wa sufi, mpya, wenye marinda. Akasimama mbele ya wale vijana, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo:

"Shukeni. Mtoto huyu hajachukuliwa na mtu. Kichwa kimemgeuka, uso ukazama kwenye mto huu, ukamziba pumzi. Shukeni hapo."

Walishuka. Nataka ijulikane kwamba walishuka, na bibi wa watu hakuguswa siku ile. Kisha Rehema akatokea mlangoni, mama yake kamshika kiuno. Hakuwa analia.

"Nesi," akasema, "si wewe uliyesema atazame paa?"

Nesi akamwangalia.

"Paa letu liko mbali. Na yeye kichwa chake hakiinuki. Nikamwekea mto alione vizuri. Si ndivyo ulivyosema?"

Ndipo nilipoelewa, na nadhani Nesi alielewa papo hapo, kwa sababu aliushusha ule mto chini polepole kama kwamba umemchoma. Hakuna wakati wowote aliosema bila mto? Alisema. Mimi mwenyewe nilimsikia akisema, mara nyingi. Lakini lile la mto lilikuwa katika maneno mengi, na hili la paa lilikuwa wimbo. Rehema alishika wimbo.

Nesi alikwenda akaketi kando ya bibi mfinyanzi, chini, akakaa hapo mpaka wakati wa mazishi.

Ungedhani basi ukweli ule ulimfaa mtu. Bibi mfinyanzi hakukaa. Mtu akishanyooshewa kidole kwetu, hakirudi mfukoni. Wanawake waliacha kununua vyungu vyake, watoto walikimbia wakimwona, na kabla ya mvua alihamia Nanganga kwa binti yake, na huko nako, nasikia, habari zilimfuata. Rehema mumewe alimrudisha kwao. Alisema hawezi kulala na mwanamke aliyeziba mtoto wake. Ndivyo alivyosema, "aliyeziba," na neno hilo alilipata kwa Nesi.

Na kliniki ikapungua. "Nesi anatuita wauaji," wanawake walisema. Waliwapeleka watoto kupimwa uzito vijiji vingine, kwa mwendo mrefu, ili tu wasikutane naye. Ndipo wakakumbuka kwamba yeye si wa huku, na kwamba anakwenda kanisani.

Alikwenda kwa kina Rehema mara nyingi. Mara moja niliongozana naye. Rehema hakutoka ndani. Mama yake alitupokea kwa adabu, akatupa viti, akatupa maji, akangoja.

"Mwambie hakuua," Nesi akasema. "Mwambie ni neno langu lililokuwa baya, si yeye."

Yule mama alifikiri sana.

"Nilishamwambia ni Nnungu, aliyempa ndiye kamtwaa," akasema. "Hakutaka. Nikamwambia ni mchawi. Akasema Nesi kakataa. Sasa nikimwambia ni wewe, Mama Nesi, ataacha kulia?"

Tukaondoka. Tulipofika zahanati akaniaga kama mtu asiyenijua.

Tangu siku ile hakutaja paa tena. Alirudi kwenye chali, akalitamka hivyo hivyo lilivyo, mbele ya wachache waliokuja, na wao wakawavuta watoto wao kifuani kama zamani. Aliendelea kuwalaza vichanga kwa mkono wake. Aliendelea kwenda majumbani, ila sasa alikuwa anakaa sebuleni, anauliza habari za nyumbani, anakunywa chai, anaaga. Vichanga wengine walikutwa asubuhi, si wengi, si wachache, na mabibi wengine walinyooshewa vidole. Sikusikia tena kwamba Nesi kaitwa. Alipostaafu tulimchangia khanga, mwenyekiti wa kijiji akasoma risala ndefu iliyomsifu kwa kila kitu isipokuwa kile alichokifanya.

Mwaka jana nilikwenda Masasi kununua nyuzi na vitambaa, nikasema siondoki bila kumwona. Anaishi kwa mwanawe, mwalimu wa sekondari, nyumba nzuri ya bati, maua mlangoni. Alikuwa amekonda, lakini mikono ni ile ile. Alifurahi. Alimwulizia kila mtu kwa jina, kasoro mmoja, nami sikumtaja.

Sebuleni, kwenye kochi, alikuwa amelala mtoto. Mjukuu wake, wa kiume, mchanga bado. Amelala kifudifudi, kofia ya sufu kichwani, uso umezama kwenye mto wa kochi mpaka nilichokuwa naona ni sikio. Nilimtazama Nesi. Alikuwa anamenya njugu.

Nikainuka. Sikufikiri, ni mkono wangu ulioinuka, mkono alioufundisha yeye. Nikamgeuza mtoto, nikamvua kofia, nikausogeza mto. Hakuamka. Akapumua kwa kelele ndogo, akafungua vidole.

Mkwewe, mama wa mtoto, akaingia na chai. Akaiweka mezani, akamwona mtoto, na bila hasira yoyote, kwa mikono ya upendo kabisa, akamrudisha kifudifudi na kumvisha kofia.

"Samahani, mama," akaniambia. "Mama yangu mzazi hapendi alale vile. Na bibi yake hapa," akapunguza sauti, ingawa Nesi alikuwa amekaa hapo hapo, "tulishaongea naye. Habari za kule Newala tulizisikia."

Akatoka. Nikamgeukia Nesi.

"Nesi, huyu ni damu yako."

"Ndiyo," akasema. Akaendelea kumenya njugu, lakini hakuwa anakula, alikuwa anazirundika tu mapajani. "Nikisema, na akaishi, watasema sifa ni za mama mzazi wa mkwe wangu. Nikisema, na akafa, nitakuwa nimemwua wa pili. Nimeshasema, Mama Sofia. Siku ya kwanza nilisema. Mwanangu akanijibu, mama, usituletee mkosi."

Tulikaa. Chai ilipoa. Tulikuwa tunaongea mambo ya korosho na bei ya nyuzi, na wote wawili tulikuwa tunasikiliza kochi. Kila pumzi ilipochelewa, alikuwa anasita katikati ya neno, kisha anaendelea.

Muda wa gari ukafika. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, hakuuachia.

"Ukifika unipigie, nijue umefika salama," akasema.

"Nitapiga."

"Lakini habari za mtoto usiniulize. Leo, wala siku nyingine. Ukipiga, niulize mimi tu."

Nilimpigia usiku ule, na nimempigia mara nyingi tangu hapo. Namwuliza magoti, namwuliza mvua, namwuliza kanisani. Ananijibu yote.